Ziwa Alilonyonya Adil

Siku mama aliposikia kwamba nyumba ya Burhanuddin imefunguliwa, mimi nilikuwa kwenye cherehani, sare za skuli za watoto wa watu zimenirundikia hadi magotini, na sikuwa na hamu ya kusikia habari ya nyumba ya mtu yeyote. Aliyeileta habari ni jirani yetu Talib, fundi seremala, mmoja wa waliotengeneza upya milango na ngazi za nyumba ile. Alisimama uani kwetu akatueleza kuwa kazi imekwisha, kuta zimepakwa chokaa, pamekuwa makumbusho, na Jumamosi wananchi wote wanakaribishwa kutembelea. Kisha akasema mtoto wa mwenye nyumba naye anakuja kutoka Dar es Salaam, mzee wa Kihindi aitwaye Adil.

Mama alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukamtoka mkononi, mchele wote chini.

"Adili yu hai?" akauliza.

"Yu hai, Bi Mwanakhamis. Nimemwona kwenye simu ya mkubwa wetu wa kazi. Ana ndevu nyeupe mpaka hapa."

Mama hakuuliza jengine. Aliinama akauokota mchele wake polepole, na mimi nikajua kwamba Jumamosi yangu imeshaondoka. "Weye na miye twenda Chake," akaniambia Talib alipotoka. Nikamwambia sina nafasi, nina sare, skuli zinafunguliwa. Akanitazama tu. Mama yangu alikuwa na tabia hiyo ya kukutazama badala ya kubishana nawe, na sijapata kumshinda hata mara moja.

Sisi watu wa Wawi nyumba ile tunaijua tangu utotoni. Chake ndio mji mkuu wa kisiwa chetu cha Pemba, na watu wa Unguja wacheke wakitaka, na kwa wazee wetu jumba la Burhanuddin ndilo lililokuwa Chake yenyewe. Ni ghorofa la mawe lenye roshani ya mbao iliyotokeza juu ya njia, na mlango wa kuingiza gunia la karafuu na mchukuzi wake bila kuinama. Mwenyewe alikuwa tajiri wa karafuu. Baada ya Mapinduzi familia ikahama, na nyumba ikapita mikononi mwa kila mtu. Ikawa ghala, ikawa ofisi, wakaishi watu, mwisho wakaishi popo. Mimi nilipokuwa mtoto nilikuwa nikiipita mbio.

Bibi yangu, Bi Hija, mzaa mama, alikuwa dobi katika nyumba hiyo. Mama alikuwa mchanga bado, anabebwa mgongoni, pale mke wa Burhanuddin alipojifungua mtoto wa kiume baada ya kuzaa binti na kungoja miaka. Mwanamke yule akashikwa na homa, matiti yakavimba yakatunga usaha, maziwa yakakatika. Mtoto akalia mpaka sauti ikamwisha. Hapo ndipo Bi Hija alipoitwa juu, mikono ina povu la sabuni, akapewa mtoto akamweka kwenye ziwa. Alimnyonyesha mpaka alipoacha ziwa. Mama upande huu, Adil upande huu.

Kwa sisi Waislamu hilo si jambo dogo. Watoto walionyonya ziwa moja ni ndugu. Hawaoani, na mwanamke hajifuniki mbele ya kaka yake wa kunyonya, humpa mkono, hukaa naye chumba kimoja, kwani ni maharimu wake kama kaka wa tumbo moja. Ndiyo maana mwanamke akinyonyesha mtoto wa mwenziwe hulitangaza, lisije likapotea. Bi Hija alilitangaza. Wawi nzima ilijua. Mama alikua akiambiwa ana kaka Mhindi, na watoto wenziwe wakimtania kwa hilo, wakimwomba awaletee bajia kwa kakake.

Mimi nililichukulia kama hadithi ya kizee tu mpaka mwaka jana, alipofariki mjomba Shaame, kaka yake mama wa mwisho, aliyekuwa akivua huko Makoongwe. Shaame aliacha mabinti watupu. Mama alinizaa mimi peke yangu, na mume wangu alikufa kabla hatujajaaliwa mtoto. Baba naye alishatangulia. Ukoo wetu umebaki wanawake, tunatawala jikoni lakini kaburini hatuingii. Kwetu mwanamke huteremshwa kaburini na maharimu wake. Asipokuwa naye, huteremshwa na wacha Mungu wa mtaani, na sharia imeruhusu, hakuna aliyewahi kurudi akalalamika. Nilimwambia mama maneno hayo hayo ili acheke. Hakucheka.

"Sitaki kushikwa na wanaume wa watu," alinambia siku ya hitima ya Shaame. "Hata maiti ana haya, Asya."

Moyo wake ulikuwa mbovu, daktari alishatuambia. Kwa hivyo Talib alipomtaja Adil, mama alimwona mtu wa kumteremsha. Hilo ndilo alilolifuata Chake. Mengine yote, ngazi na roshani na historia, alituachia sisi.

Jumamosi alivaa buibui lake la Idi, akajifukiza udi, tukakodi bajaji. Mlangoni tulipokewa na binti mmoja mtembezaji wageni, Laila, ambaye kwa salamu yake tu tulijua ni wa Unguja mjini. Alikuwa na kipaza sauti kidogo kiunoni, na maneno yake ameyahifadhi kama shairi la skuli.

"Karibuni katika jumba letu la kihistoria," akasema.

"Ahsante mwanangu," mama akamjibu. "Miye nshakaribishwa hapa kabla hujazaliwa mamako."

Watu wakacheka, na Laila naye akacheka, lakini nilimwona kapoteza mstari wake, ikabidi aanze tena.

Ukumbi uling'aa hadi nikaona haya kwa viatu vyangu. Ndani ya makabati ya vioo wameweka mizani ya karafuu, buli la shaba, saa ya ukutani iliyosimama, mitalawanda, vile viatu vya mbao, ya mke wa Burhanuddin. Ukutani palikuwa na picha: Burhanuddin na kofia yake, mkewe, wageni wake, Mzungu mmoja mwenye soksi ndefu, na punda wa kubebea magunia. Hapakuwa na picha ya mtu hata mmoja aliyekuwa akifua, akipika au akichambua karafuu. Punda alikuwa na jina lake limeandikwa chini. Nilisimama mbele ya punda yule nikahisi hasira imenipanda kichwani, na ilikuwa asubuhi bado.

Mama alikuwa akitafuta karo la kufulia. Aliniambia liko chini ya ngazi, panapoingia jua. Chini ya ngazi tulikuta vyoo vya wageni, vipya, vinanukia dawa. Akasema basi ni upande wa pili, na huko tulikuta duka la kuuzia vikapu. Akasimama katikati ya ua anageuka huku na huku, mkono umeshika pindo la buibui. "Nyumba imegeuzwa," alisema. Huenda. Lakini niliona wasiwasi umeanza kumwingia, nami pia. Yeye alikuwa mtoto pale, na mengi aliyokuwa akituhadithia aliyapata kwa mamake. Nilimshika kiwiko tukapanda ngazi za Talib, taratibu, anapumzika kila baada ya vipandio vichache.

Adil alikuwa amekaa kwenye kiti huko juu, sebule inayotokea roshanini, ndani ya kanzu nyeupe iliyopigwa pasi vizuri. Watu walikuwa wakimfuata mmoja mmoja kumsalimu, wengine wakitaka kupiga naye picha. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Akaniharibia kwa kuinuka, na magoti yake mabovu, alipomwona mwanamke mzee anakuja.

Mama aliuacha mkono wangu. Alimwendea na mikono yake yote miwili mbele.

"Adili! Ndugu yangu!"

Adil akarudi nyuma hatua, akaweka kiganja kifuani, akainamisha kichwa. "Samahani sana, mama," akasema kwa Kiswahili cha Dar, kwa upole. "Mimi siwapi mkono wanawake. Niwie radhi."

Waliokuwa karibu wakageuka kutazama. Mikono ya mama ilikuwa bado iko mbele, haijui iende wapi.

"Miye si mwanamke kwako, Adili," akasema. "Miye dadako. Nkono wangu halali yako. Miye Mwanakhamis, wa Bi Hija."

Uso wa Adil ukafunguka. "Bi Hija! Bi Hija namkumbuka. Dobi wetu. Alikuwa akinipa embe mbichi kwa siri, mama yangu asione."

"Kakupa zaidi ya embe," mama akasema. "Kakunyonyesha. Ziwa lile lile langu."

Adil akakaa. Alimtazama mama, kisha akanitazama mimi, kama ninayeweza kumwambia huyu mama yako anatania. Akasema kwamba hajapata kuambiwa. Si na baba yake, si na mama yake, hata siku moja. Maisha yake yote mama alikuwa akijua kwamba huko aliko, yuko kaka anayejua kuwa ana dada Pemba. Halikumpitikia kabisa kwamba anayejua ni yeye tu.

"Yupo mtu aliye hai aliyeshuhudia?" Adil akauliza.

"Washakufa wote."

"Ilikuwa wapi, hapa hapa ndani?"

"Chumba cha nyuma," mama akasema, na sauti yake ikapata nguvu. "Chenye dirisha la baharini. Mama akitukalisha pale, weye na miye, tukiona mashua."

Laila alikuwa amesimama pembeni na wageni wengine, na nadhani alitaka kusaidia. "Bibi," akasema, "vyumba vya nyuma vimejengwa baadaye, wenyewe walikuwa washahama. Halafu upande ule bahari haionekani."

Mama akageuka kuutazama ukuta, akitafuta dirisha. Mimi nikamwacha Laila, nikamgeukia mzee.

"Kwa hivyo mamangu mwongo?" nilimwambia Adil. "Akizua haya atapata nini? Nyumba si yenu tena, hamna hata ngazi moja ya kumrithisha."

"Sijasema mwongo, binti yangu." Hakukasirika, na hilo likanizidishia. "Hili likithibiti, mama yako ni dada yangu na wewe ni mpwa wangu mpaka tufe. Lisipothibiti, ni mwanamke wa kando tu, na mimi nitakuwa nimeshika nilichokatazwa. Siwezi kulikubali kwa sababu nimependa liwe. Nina dada mkubwa, Shazia, yuko Mombasa. Anaumwa, lakini akili anazo. Niachieni nimuulize."

Mama alikuwa bado kaupa ukuta uso. Alizungumza bila kugeuka.

"Nnalokutaka ni moja tu, Adili. Sitaki nyumba wala sitaki cha nyumbani. Nikifa, unteremshe weye. Kaka zangu wote washakwenda."

Nilimwona mzee yule anajifuta macho kwa ncha ya mkono wa kanzu. "Nikipata uhakika nitakuja mwenyewe, mama," akasema. Mama, alimwita. Dada hakulitamka. "Nakuahidi."

"Fanya haraka," mama akasema.

Nilimpa namba yangu ya simu tukashuka. Kwenye bajaji nilitukana kila kitu, makumbusho, vioo, Laila, punda. Mama akanikatiza. "Kalelewa vyema," alisema. "Angelinipa nkono bila ya kuuliza, ningelisema huyu ntu hana dini." Halafu akajifunika uso kwa buibui, na mabega yake yakawa yanatikisika hadi Wawi. Nilikuwa nimeanza kujiuliza kama Bi Hija naye hakutia chumvi, na wazo hilo liliniuma kuliko kile kiganja cha Adil kifuani.

Baada ya hapo ikawa kungoja simu. Mama alinikataza kwenda nayo dukani. Niliiweka dirishani panaposhika mtandao, na kila ikilia yeye ndiye wa kwanza kugeuka. Walikuwa wateja wangu wakiulizia sare. Kila siku ananiuliza kama namba nilimpa sawasawa, kila siku namjibu, na mwisho nikawa namjibu kwa ukali. Hatukujua kwamba Bi Shazia alikuwa amelazwa hospitali Mombasa, na kakake anangoja apate nafuu ya kuweza kusema.

Kiharusi kilimpata mama akiwa anatia udhu wa adhuhuri. Nilimkuta kaegemea pipa la maji, mdomo umekwenda upande. Hospitali walimtibu walivyoweza, wakaturudishia nyumbani, mkono na mguu wa kulia umekufa. Kilichoniumiza zaidi ni akili. Siku nyengine alinijua, siku nyengine akiniita mama, akiniuliza kama nguo za watu zimekauka. Jina la Adil halikumtoka tena.

Simu ikaja mimi nikiwa nampa uji.

"Asya," Adil akasema, na nikasikia kwamba analia. "Shazia amesema. Ni kweli. Alikuwa msichana, ameona kwa macho yake, tena siku nyingi, zaidi ya mwaka. Mama yetu aliwaapisha wote nyumbani wasiseme. Aliona haya. Mtoto wake wa kiume wa pekee, amelelewa kwa maziwa ya dobi."

"Na Bi Hija alidhani mmeambiana," nikasema.

"Ndiyo."

"Haya haikumshika mama yako alipokuwa akikupokea umeshashiba."

Akasema nina haki. Nilitaka abishe, akakataa kubisha. Nikamwambia hali ya mama. Akasema atapanda ndege ya kesho.

Alikuja na teksi mpaka mlangoni kwetu. Wanawake wa mtaani walitoka kutazama, na Talib akaacha randa yake akaja kumshika mkono kumvusha mtaro. Mimi nilikuwa ndani nimemkalisha mama kitandani, nimemchana nywele, nimemwambia mara kadhaa, mama, Adili anakuja, kathibitisha, Adili kakako. Alikuwa akiniitikia kama unavyomwitikia mtoto.

"Hodi!" Adil akaita kwenye pazia. "Dada! Dada Mwanakhamis! Mimi Adil, nimekuja!"

Mama alishtuka kwa sauti ya kiume. Kwa mkono wake mzima, ule wa kushoto, akaivuta kanga akajifunika kichwa na uso wote.

"Nani huyo?" akaninong'oneza.

"Adili, mama. Kakako wa ziwa. Uliyemfuata Chake."

"Simjui." Alikuwa anaogopa, akaikaza kanga usoni. "Mwambie hakuna mwanamme ndani."

Hivyo ndivyo mwanamke wa kwetu anavyomjibu mwanamme mgeni anayepiga hodi, ili ajue kwamba haifai kuingia. Hakuna aibu ndani yake, ni adabu, na mgeni mwenye adabu huondoka. Adil alikuwa nyuma ya pazia, kasikia kila neno. Nilitoka nikamwambia aingie, ni haki yake, mgonjwa hajui asemalo. Nilimshika mkono kumvuta, mjomba wangu mwenyewe, mara yangu ya kwanza. Akatikisa kichwa.

"Siingii mpaka aniruhusu," alisema. "Yeye aliningoja, na mimi nitangoja."

Akakaa barazani. Alichukua chumba nyumba ya wageni Chake, na kila siku baada ya alasiri alikuwa akija, anakaa kwenye mkeka karibu na pazia, anazungumza na mama bila kumwona. Alimsimulia Dar, duka lao la vyuma, mkewe aliyefariki, wanawe walioko Ulaya wasiopiga simu. Siku moja alimwambia kuwa dirisha la baharini lilikuwepo. Shazia alimwambia lilikuwa juu, chumba cha mama yao, upande wa mbele, na siku hizo Chake haikuwa na majengo ya kuziba bahari. Mama alikosea chumba tu. Mimi nilikuwa uani naanika nguo, nikakaa chini pale pale kwenye mchanga nikalia, maana na mimi nilikuwa nimemshuku.

Mama hakumruhusu kuingia. Alikuwa akisikiliza na kanga usoni, ametulia. Mara moja tu alisema kitu juu yake. "Mgeni yule ana adabu," aliniambia. "Mpe chai." Nilimpelekea chai nikamwambia imetoka kwa dadake. Aliishika ile bilauri kwa mikono miwili mpaka ikapoa.

Mama alifariki asubuhi, Alhamisi, kwa utulivu. Nilimwosha mimi pamoja na mabinti wa Shaame na mwoshaji wa mtaa. Wanaume wakaingiza jeneza, wakalitoa, na sauti zao za kumtaja Mungu zikawa zinapungua njiani hadi zikapotea. Sisi wanawake tunabaki nyumbani. Kwa hivyo niliyoyajua ya makaburini aliniambia Talib, jioni, amesimama kwenye kona ya ua asinitazame machoni.

Alisema shehe aliuliza kama maiti ana maharimu, na watu wakatazamana. Adil akasema, "Mimi, kaka yake." Baadhi walinung'unika, wengine wa mbali hawakuwa na habari, wakaona Mhindi mzee wa watu anaingia kaburini kwa Bi Mwanakhamis. Shehe akawanyamazisha. Adil akavua viatu, akakunja kanzu, Talib na mwenziwe wakamshika makwapa kumshusha, kwa sababu ya magoti. Waliobaki juu wakampokeza maiti. Alimpokea mwenyewe, akamlaza mwanandani kwa ubavu wake wa kulia, akafungua vifundo vya sanda, akaweka shavu la dadake kwenye udongo. Kisha akabaki ameinama, mkono uko juu ya bega la mama, wanamwambia mzee njoo juu, mzee watu wanangoja, hasikii.

Hiyo ndiyo mara pekee aliyomshika. Mama alilipata alilolitaka, lile lile, bila kupunguka, na hakujua kama amelipata. Nimejaribu kushukuru. Watu wananiambia nishukuru. Mimi nashindwa, na nikiona lile jumba, chokaa yake inametameta juu ya mji, natamani popo warudi.

Waliporejea walitandika majamvi barazani na nje, na wanaume wakawa wanampa Adil mkono wa taazia, kwa kuwa ndiye mwanamme wa karibu aliyebaki. Pole kwa dada yako. Mungu akupe subira kwa dada yako. Kila mmoja akiongeza lake: Bi Mwanakhamis alimlea mke wangu uzazi, Bi Mwanakhamis hakuwa na mchezo, Bi Mwanakhamis alipokuwa msichana, unakumbuka? Yeye anaitikia kwa kichwa. Niliyaona hayo kupitia dirishani, mzee wa watu kakaa katikati ya watu wanaomjua dada yake wote, isipokuwa yeye.

Baadaye akaja mpaka mlango wa jikoni. Wanawake wakajiweka sawa, mimi nikainuka. Udongo ulikuwa bado uko kwenye pindo la kanzu yake na katikati ya vidole vya miguu.

"Asya," akasema kwa sauti ya chini. "Wananiambia habari zake. Wanadhani nazijua, kila mmoja ananiuliza unakumbuka. Mimi sina hata moja. Niambie kitu chake. Chochote, mwanangu. Kidogo tu."

Nilikuwa na maisha mazima ya kumwambia. Nilifungua mdomo nikaona hayatoki, kila ninaloligusa ni zito, likitoka nitaanguka nalo. Wenzangu wananitazama, sufuria linachemka. Nikasema la kwanza lililokuja.

"Hakuwa akila pweza."

Adil alinikazia macho. "Kabisa?"

"Kabisa. Hata mchuzi wake. Akisema anamwona anamtazama."

Midomo ilimcheza, nusu kicheko. Akatikisa kichwa mara mbili, akageuka, akarudi barazani akijishikiza ukutani. Nikamfuata hadi nyuma ya pazia. Wanaume walikuwa bado wanazungumza, yeye akakaa mahala pake, akangoja hadi wakanyamaza.

"Dada yangu," akawaambia, "hakuwa akila pweza."